Nimeonyesha "Moolaadé" kwenye kibanda umiza changu, wazee wanne wakatoka katikati

Mwenye Kibanda

Wakuu salaam. Uzi mrefu huu. Wavivu wa kusoma rukeni hadi chini mje kubisha, kama kawaida yenu.

Nina kibanda umiza kwenye senta moja huku wilaya ya Serengeti. Mabenchi, jenereta, televisheni mbili, na bati linalopiga kelele mvua ikinyesha. Wikiendi ni mpira, katikati ya wiki ni muvi za ngumi zilizotafsiriwa. Mwaka huu unagawanyika kwa mbili, na wenyeji wa Mara mnajua maana yake Desemba ikifika: mabinti wanakeketwa.

Shemeji yangu mwalimu akaniletea flashi. Humo kuna filamu ya mzee wa Kisenegali, Ousmane Sembène, ya mwaka 2004. Watu wanaongea Kibambara na Kifaransa, chini kuna maandishi ya Kiingereza. Nikakaa nayo usiku mbili, natazama narudisha, naandika kwenye daftari la mwanangu. Kisha nikabandika tangazo: Alhamisi, BURE. Nikashika maiki mwenyewe nikatafsiri laivu, kama enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, ila kipaji sina.

Kwa ambao hawajaiona. Kijiji kimoja Burkina Faso. Wasichana sita wametoroka siku ya kukeketwa. Wawili hawajulikani walipo. Wanne wamekimbilia kwa mama mmoja anaitwa Collé, mke wa pili kati ya watatu. Wamemchagua kwa sababu wamesikia miaka saba nyuma alikataa bintiye Amasatou asiguswe. Yeye alikatwa, akazika watoto wawili, na huyo Amasatou alizaliwa kwa kupasuliwa. Kovu analo.

Sasa angalieni anachofanya. Hakimbilii polisi wala hapigi yowe. Anachukua kamba ya rangi, anaifunga mlangoni kwa mzee wake kutoka upande huu hadi ule. Basi. Hiyo ndiyo moolaadé, yaani hifadhi. Mbuzi anaipita. Lakini mangariba waliovaa nguo nyekundu wanafika pale na visu vyao wanasimama kama wamefika ukingo wa mto. Wazee nao vilevile. Kwa mila yao anayevunja hifadhi anakufa, na pale kijijini kuna kichuguu wanachosema kimeota juu ya kaburi la mfalme aliyeivunja. Wa kuifungua ni Collé peke yake, kwa kutamka neno.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia mzee Sembène. Collé hakutoka nje ya mila. Aliingiza mkono kwenye sanduku lilelile la mila akatoa kitu kingine, na wazee wakabaki wamebanwa na mali yao wenyewe. Shangazi zangu wameandamana, NGO zimekuja na fulana, mkuu wa wilaya amefoka kwenye kipaza sauti. Sijawahi kuona mtu akiwabana wazee kwa lugha yao namna ile.

Kibandani ilikuwa hivi. Kamba ilipofungwa wote kimya. Mama mmoja nyuma akasema jambo kwa Kikurya, wanawake wakacheka. Nikauliza. "Amesema huyu angekuwa hapa kwetu tungeshamwita mchawi." Vijana walimpenda Mercenaire, mchuuzi wa mikate, betri na chupi, anayetongoza kila anayepita na bei zake za wizi. Wazee wa filamu walipoamuru redio za wanawake zikusanywe, zikarundikwa mbele ya msikiti na kuchomwa, nyingine zikiwa bado zinaongea ndani ya moshi, niliona watu wanaangalia simu zilizo mikononi mwao.

Kisha viboko. Mume wa Collé, Ciré, si mtu mbaya. Ila kaka yake mkubwa anamkalia kooni: wewe ni mwanamume au nini, mke wako ametushinda kijiji kizima. Mjeledi anapewa. Anampiga mkewe mbele ya kijiji ili atamke neno. Nusu ya wanawake wanapaza sauti sema, nusu wanapaza usiseme. Collé anayumba, hasemi.

Hapo wazee wanne wakatoka kibandani.

Nikajua kesho nitaitwa. Sikuitwa. Nilikutana na mmoja wao kwenye mashine ya kusaga. Akaniambia, "Kijana, umetukalisha gizani pamoja na wake zetu, tukaangalia mtu anavyotumwa na kaka yake kumpiga mke wake." Akachukua debe lake akaondoka. Sikuwa na jibu.

Swali langu kwenu ni moja. Kwetu sisi kamba hiyo ni ipi? Tuna nyumba za kuwahifadhi mabinti, Mugumu ipo, Masanga kule Tarime ipo. Zina ukuta, geti na namba ya polisi. Desemba zinajaa. Lakini Januari shule zikifunguliwa binti anarudi nyumbani, na nyumbani hakuna kamba.

Bonge la Kahama

Mkuu link ya muvi tafadhali.

Chai ya Rangi

Nimekaa pale 🪑

Kijana wa Mwenge

Mleta uzi umeandika vizuri ila mimi filamu hizi zimenichosha. Kila siku mwanamke wa kijijini analia, mzee wa kijijini shetani, halafu inapelekwa Ulaya inapigiwa makofi. Hiyo yako si ilipata tuzo Cannes? Nani aliilipia? Wangetengeneza ya mgodi unaomwaga sumu mtoni tuone kama wangewapa tuzo.

Msomaji wa Usiku

Kijana wa Mwenge, nusu ya hoja yako naikubali, nusu nairudisha.

Tuzo ilipata kweli, ya kitengo cha Un Certain Regard, Cannes 2004. Pesa za Wafaransa zimo, na za Burkina, Morocco, Tunisia na Cameroon zimo pia. Lakini Sembène si wa kutumwa. Alikuwa kuli wa bandari Marseille, akaandika riwaya kwa Kifaransa, halafu akagundua mama yake na majirani zake hawawezi kuzisoma. Akiwa anakaribia miaka arobaini ndipo akaenda kujifunza filamu. Sinema aliiita shule ya jioni. Hii aliitengeneza akiwa na miaka zaidi ya themanini, akaenda kuipigia kijijini, kwa lugha ya wenyewe, na aliyecheza Collé ni Fatoumata Coulibaly, mtangazaji kutoka Mali ambaye kupinga ukeketaji ilikuwa kazi yake kabla hajafika mbele ya kamera. Sembène alifariki 2007.

Na umesema mzee wa kijijini ni shetani. Umeitazama? Mzungu hayumo. Mkombozi kutoka mjini anayekaribia kuwepo ni Mercenaire, naye anauza mkate kwa bei ya kuumiza. Ndiye anayemnyang'anya Ciré mjeledi. Usiku huohuo anafukuzwa kijijini na anauawa. Huyu alikuwa askari wa kulinda amani, akafichua maofisa wanaokula mishahara ya wenzake, akafungwa yeye. Kwa hiyo hata huo wizi wa wakubwa unaoutaka wewe umo mle ndani, kwenye sentensi mbili tatu za muuza chupi.

Kijana wa Mwenge

Sawa nitaitazama. Ila hoja ya mgodi ibaki palepale.

Mzee wa Sirari

Nimesoma. Mimi ni Mkurya, umri wangu mkubwa kuliko wa wengi humu, na nimekaa kwenye vikao ambavyo nyinyi mnavisikia tu.

Mwenye Kibanda, hao wazee wanne usiwacheke. Mtu wa mjini anadhani wazee wanapenda damu. Kuna woga kwanza. Mwaka wa esaro, yaani tohara yetu, ukipangwa, mzee anayesema tuache anaogopa kwamba ukame ukija, ng'ombe wakiibwa, mtoto wa fulani akifa, ataulizwa yeye. Pili kuna tumbo. Kila mtoto anayeingia jandoni, wa kiume na wa kike, familia inatoa fedha. Ngariba anachukua fungu lake, wazee wanachukua lao. Ukiondoa wasichana, umeondoa nusu ya mapato ya msimu. Hilo halisemwi kwenye semina kwa sababu semina nazo zina posho.

Tatu ni mahari. Binti ambaye hajapita, yaani hajakeketwa, ng'ombe wanapungua. Baba mwenye wavulana watatu wanaosubiri kuoa anahesabu ng'ombe wa binti yake kabla hajamhesabu binti.

Lakini na nyinyi wanawake msinyamaze. Wembe unashikwa na mwanamke. Anayemwambia mjukuu "utaolewa na nani" ni bibi. Filamu yako inasemaje hapo?

Mwenye Kibanda

Shikamoo mzee. Inasema vilevile. Mangariba ni wanawake wote. Na kuna mama mmoja anamwiba bintiye Diatou kutoka kwenye hifadhi kwa hila, anampeleka mwenyewe kwenye kisu. Mtoto anafariki. Yule mama kugeuka ndiko kunakogeuza kijiji. Mke mkubwa wa Ciré naye mwanzoni unadhani atamchoma Collé, kumbe ndiye anayesimama naye.

Hiyo ya fungu la fedha sikuwahi kuiona imeandikwa wazi namna hiyo. Asante.

Mzee wa Sirari

Marahaba. Haijaandikwa kwa sababu wanaoandika hawaalikwi kugawana.

Ghati wa Mto

Nimesita siku mbili kuandika hapa.

Mleta uzi umeuliza kuhusu Januari. Mimi nilitoroka nikiwa darasa la sita. Mama yangu ndiye aliyenifungia nguo kwenye kitenge, akanipa nauli, akaniambia niseme naenda kuchota maji. Kisha akarudi ndani kusonga ugali kama vile hajui kitu. Kwa hiyo mkisema wanawake ndio wanaoshika wembe, ni kweli, na huyo aliyenifungia kitenge naye mwanamke, tena alipigwa kwa ajili hiyo.

Nyumba ya hifadhi nilikaa hadi katikati ya Januari. Afisa ustawi na dawati la jinsia wakamwita baba, akasaini karatasi mbele ya mtendaji kwamba sitaguswa. Wenzangu wawili wazazi wao walikataa kusaini, wakabaki kituoni, mmoja hadi leo nyumbani ni mgeni. Baba alisaini na akatimiza. Hakunigusa. Na hakuniongelesha mwaka mzima. Chakula nikiweka mezani anasubiri niondoke ndipo anawe mikono.

Shuleni na kisimani nilikuwa omosagane. Hilo ni neno letu la msichana ambaye hajapita, na likitamkwa kwa mtu mzima ni tusi. Kwenye filamu wana lao, bilakoro. Wanamwambia hivyo Amasatou, na mchumba wake, mtoto wa chifu aliyetoka Paris, anaambiwa na baba yake haoi bilakoro. Niliposikia lile neno nilisimamisha filamu nikatoka nje kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

Karatasi ya mtendaji inazuia kisu. Neno haliwezi kulizuia. Ndiyo maana nakubaliana na wewe kuhusu kamba, ila mimi sidhani ni kitu cha mlangoni. Kwangu ilikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke aliyekeketwa na anayeheshimika, ambaye siku moja kwenye arusi aliniita mbele ya watu nigawe chakula pamoja na waliopita. Hakuna aliyesema kitu. Alinishika mkono tu akanipa sinia. Baada ya hapo walioniita omosagane walibaki watoto.

Sasa hivi ni fundi cherehani. Nina mabinti wawili.

Chai ya Rangi

Dada Ghati nimeinuka kwenye kiti. Heshima kwako.

Wakili wa Mpakani

Wadau, mimi ni wa upande wa Isibania, Kenya. Mpaka huu ni barabara tu, ng'ombe wanavuka, wasichana wanavushwa. Niseme kidogo juu ya sheria kwa sababu nimeona nyote mnaikwepa.

Kwetu tuna sheria ya 2011. Inamkinga msichana na mwanamke mzima pia, ridhaa si utetezi. Kumvusha mtu mpaka akakatwe ni kosa. Hata kumtukana mwanamke kwa sababu hajakatwa ni kosa, dada Ghati, japo sijaona kesi nyingi za hilo. Kuna daktari alienda kortini 2017 akidai mtu mzima aachiwe achague, na Mahakama Kuu ikamkatalia 2021. Takwimu za kitaifa za wanawake waliokeketwa zimeshuka kutoka asilimia 21 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022.

Kwenu sheria ni ya 1998, na inamlinda aliye chini ya miaka 18 pekee. Adhabu ni jela miaka mitano hadi kumi na mitano, AU faini isiyozidi shilingi laki tatu, au vyote. Hiyo "au" ndiyo tatizo. Mzee wa Sirari ametuambia hesabu za ng'ombe. Laki tatu haifiki hata ng'ombe mmoja wa maana.

Msomaji wa Usiku

Wakili, umenikumbusha kitu. Burkina Faso ilipiga marufuku mwaka 1996. Filamu ni ya 2004. Na mle ndani sikumbuki kumwona askari hata mmoja. Sembène hakusahau, nadhani. Alijua sheria ipo mji mkuu, Ouagadougou, na kijiji kiko kijijini. Ile redio inayochomwa ndiyo njia pekee ambayo sauti ya nje ilikuwa inafika, wanawake walishasikia humo sheikh akisema dini haiwaagizi kitu hicho. Wazee hawakuogopa polisi, waliogopa betri.

Wakili wa Mpakani

Sikatai. Lakini msiidharau sheria kwa sababu ya filamu nzuri. Gambia waliweka marufuku 2015, na 2024 wabunge wakajaribu kuiondoa. Ilibaki, kwa jasho. Kama sheria haina maana, kwa nini watu wanahangaika hivyo kuifuta?

Mnyaturu Halisi

Naomba niwatoe Mara kidogo, maana kila uzi wa jambo hili Wakurya mnajimilikisha.

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16, wanawake waliokeketwa: Manyara asilimia 58, Dodoma 47, Arusha 41, Mara 32, Singida kwetu 31. Mara mnaongoza kwa ngoma tu. Sisi tunafanya kimya. Miaka ya sabini kulikuwa na ugonjwa unaitwa lawalawa, muwasho na maambukizi ya sehemu za siri kwa watoto wa kike, mambo ambayo maji, sabuni na dawa ya zahanati vinamaliza. Wakasema mizimu imekasirika, dawa yake ni kukata. Serikali ilipoanza kufuatilia, wakahama kutoka kwa mabinti wakubwa kwenda kwa vichanga. Mtoto ana wiki chache, atatoroka vipi? Atakimbilia kwa Collé gani? Kwenye utafiti ule ule, kama theluthi moja ya waliokeketwa nchini walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Kwa hiyo mleta uzi, filamu yako naipenda lakini ina msichana mwenye miguu. Kwetu kesi ni ya mtoto anayebebwa mgongoni na bibi kwenda "kuogeshwa", na mama yake bado yuko kitandani. Nyumba ya hifadhi haimsaidii. Anayeweza kumsaidia ni nesi wa kliniki anayempima uzito, akiwa na ujasiri wa kuangalia na kuuliza.

Nesi Mstaafu

Nilikuwa huyo nesi, mkoa jirani na wako. Niliangalia, na mara mbili niliona. Mara ya kwanza niliandika kwenye kadi nikaambiwa na mkubwa wangu nisiharibu uhusiano na kijiji. Mara ya pili sikuandika. Hiyo ya pili ndiyo ninayoikumbuka.

Mwenye Kibanda

Mnyaturu umenipiga mahali ambapo sikuwa nimeangalia. Nimekaa na maneno yako tangu jana. Nesi, pole, na asante kwa kulisema.

Nirudi kidogo kwenye filamu, kuna kitu nilitafsiri vibaya na kinanisumbua. Karibu na mwisho wanawake wanawaendea mangariba, wanawanyang'anya visu, wanavitupa kwenye moto. Ule ule moto wa redio. Wanaimba "wassa". Mimi kwa haraka, maiki mkononi, nikasema "tumeshinda". Baadaye nimeiangalia tena na sidhani ni ushindi. Mercenaire amekufa, Diatou amekufa, wale wawili wa mwanzo walijitupa kisimani. Ciré anawaacha wanaume wenzake anaondoka, ndiyo. Kijana wa Paris anamgomea baba yake, ndiyo. Lakini kesho asubuhi wale wote wanaamka kijiji kilekile, wanachota maji, na kisima ni kile. Sembène hakutuonyesha hiyo kesho. Picha ya mwisho ni yai la mbuni juu ya mnara wa msikiti, halafu antena ya televisheni. Watu wangu walipiga makofi kwa ile antena. Nadhani walinipigia mimi, mwenye televisheni.

Ghati wa Mto

Mwenye Kibanda, utaionyesha tena? Nina wanawake kama kumi na tano wa kikundi cha vikoba, tungependa kuja. Bila wanaume, ikiwezekana. Na mwenye maiki awe mwanamke. Mimi naweza kujaribu, nimeshaitazama mara tatu.

Mwenye Kibanda

Dada, maiki ni yako. Alhamisi haiwezekani, kuna mpira, vijana watanivunjia bati. Njooni Jumatano saa nane mchana. Mchango wa petroli tu, jenereta linakula.

Ila kuhusu bila wanaume nina tatizo dogo. Yule mzee wa mashine ya kusaga alipita jana dukani, akanunua chumvi, akasimama. Nikamuuliza kama kuna kingine. Akaangalia nje kwanza, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Yule mama. Mwishoni alilitamka lile neno?"

Nikamwambia mzee, sasa hivi kiingilio ni mia tano.

Ameacha mia tano mezani. Nimfanyeje?